Hizi orodha za "nahau na misimu ya miguu" mnazosambaza zinapotosha watu

Wakuu, imetosha. Bandiko ni lile lile la nahau na misimu (maneno ya mtaani) zinazotaja miguu, linanakiliwa na kubandikwa upya, na anayelibandika hasomi alichonakili. Robo tatu ya mle ndani ni Kiingereza kilichovaa kanzu.

"Kumvuta mtu mguu" eti ni kumtania. Tangu lini? Tuna kutania, tuna kufanya mzaha. "Kupata miguu baridi" eti ni kuogopa dakika za mwisho. Mwenye miguu baridi avae soksi. Aliyeogopa amefyata mkia au amenywea. "Kujipiga risasi mguuni" ni kujipalia makaa. Na hiyo "vunja mguu" ya kumtakia mtu heri, mwambie mzee yeyote uone atakavyokujibu.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba zile chache za kweli nazo mmezivuruga.

Kiguu na njia. Mmeandika "mguu na njia", maana yake "msafiri". Hapana. Ni mtu asiyetulia mahali, leo huku kesho kule, na ndani yake kuna kejeli. Ile ki- ndiyo inayobeba kejeli hiyo, ukiiondoa umebaki na mguu na barabara tu. Tena ni sifa ya mtu, kwa hiyo upatanisho ni wa mtu: "kiguu na njia huyu amerudi lini?"

Kukata mguu. Si kuchoka. Ni kuacha kwenda mahali ulipozoea kwenda: "Siku hizi amekata mguu kwetu." Ukiigeuza kuwa "amekatwa mguu" nahau imekufa, unazungumzia upasuaji. Hili ndilo kosa la wengi, wanadhani nahau inanyambulika kama kitenzi cha kawaida.

Miguu niponye. Mmeipa maana ya "kukimbia". Ni kukimbia kujiokoa, basi. Mkimbiaji anaiomba miguu yake imponye, ndiyo maana nafsi haibadiliki hata ukimsimulia mtu mwingine: "Alipomwona nyoka, ikawa miguu niponye." Hiyo "miguu imponye" yenu haipo. Na mwanariadha anayewania medali haendi miguu niponye.

Mguu sawa. Inatoka kwenye gwaride. Kwa amri ya mguu sawa visigino hukutana na mwili hunyooka; kwa mguu pande miguu hutanuliwa na askari hulegea kidogo. Kwa hiyo "kaa mguu sawa" ni kaa tayari. Nyie mmeandika mguu pande ndiyo tahadhari! Mmewapumzisha askari wakati wa hatari.

Matege na matende sijui yalifuata nini kwenye orodha ya nahau. Matege ni miguu iliyopinda ikaacha nafasi kwenye magoti. Matende ni ugonjwa unaoenezwa na mbu. Vigimbi navyo si "miguu minene", ni ile misuli ya nyuma, chini ya goti, ikiwa imetuna.

Misimu ioneshwe kuwa ni misimu. Mguu wa kuku ni bastola, kwa sababu ya umbo. Kutoka nduki ni kutimua mbio. Guu la bia ni mguu wa mwanamke wenye shavu la mguu lililojaa na kifundo chembamba. Anayelitamka hudhani anasifia, lakini usimwambie usiyemzoea na usiliandike kwenye insha. Na ni guu *lile*, maguu *yale*. "Guu hii" imetoka wapi? Halafu kumwambia mtu ana maguu kunaweza kuwa tusi, itegemee sauti.

Kabla hujabandika, itungie nahau yako sentensi ambayo hakuna mguu wa nyama unaofanya lolote. Maana ikisimama, endelea. Ikikulazimu kueleza Kiingereza chake kwanza ndipo ieleweke, ifute.

Nyongeza, maana naona watu wa mpira wamefika: "mguu wa kwanza" wa mechi za nyumbani na ugenini ni tafsiri sisisi, ya neno kwa neno, semeni mkondo wa kwanza. Tobo ni mpira kupita katikati ya miguu ya mpinzani. Ukipita juu ya kichwa chake ni kanzu. Orodha yenu imevibadilisha vyote viwili.