Dalali wa viwanja Dodoma hajanidanganya hata neno moja, ndo maana nina hasira hivi

Wakuu heshima kwenu. Naandika hapa tope limefika mpaka kwenye soksi, nimetoka kuangalia kiwanja changu kule mbele ya Ihumwa, na kwa kifupi ni kwamba nimenunua korongo.

Ilikuwa mwezi wa nane mwaka jana. Jamaa kanifata na bajaji hadi geti la shule, nauli kalipa yeye, njiani kaninunulia maji ya baridi na zabibu za kwenye mfuko, na mnajua mtu akishakununulia kitu kumwambia hapana inakuwa kazi, sasa yeye hilo analijua kuliko mimi. Aliposikia tu mama watoto ni Mrangi wa Kondoa basi nikawa "shemeji" papo hapo.

Alafu likaanza somo la historia. Shemeji, Dodoma imetangazwa makao makuu 1973 watu wakacheka, leo wako wapi? Serikali si imehamia, 2018 si tumekuwa jiji, treni ya SGR si inapiga kazi tangu 2024, uwanja wa ndege Msalato si unajengwa? Yote kweli kabisa!! Ila hakuna hata moja lililohusu kile kipande tulichokuwa tumekikanyaga. Nikamuuliza mvua ikinyesha maji yanapita wapi, akanijibu "shemeji hii ni Dodoma, mvua ipi?" tukacheka wote wawili na swali langu likafia pale pale.

Bei alianzia milioni 9. Nikakunja uso. Simu yake ikaita, akasema mteja huyo anaulizia viwanja, na mteja alikuwepo kweli maana nilimsikia, ila kiwanja kipi anachoulizia sikuuliza. Akakata, akashuka mpaka 6.5 huku kaweka mkono kifuani kama ananisaidia mimi mfiwa. Nikalipa siku ya pili yake.

Kinachoniuma zaidi mi ndo mlezi wa klabu ya midahalo shuleni kwetu. Kila alhamisi nawaambia watoto kuna Mgiriki anaitwa Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita alishasema msemaji anakushika kwa mambo matatu, umwamini yeye mwenyewe, akuguse moyo, na hoja zenyewe. Nawaambia wakisikia hoja tamu wajiulize inajibu swali gani. Mimi pale nimepewa ushemeji na zabibu, hoja nikapewa za jiji zima, na nikatoa hela!

Na dalili niliiona. Kulikuwa na kimti cha miiba, majani makavu yamenasa kwenye matawi usawa wa goti, yote yamelalia upande mmoja. Majani hayapandi mti yenyewe jamani. Nikaangalia, nikapita, maana nilikuwa nasikiliza habari za Msalato.

Leo maji yanakatiza katikati, bikoni mbili, zile alama za mipaka, sizioni. Nimempigia, nimefoka weee, kanisikiliza kwa adabu zote mpaka nikachoka, ndo akaniuliza "sasa shemeji, mi nilikudanganya wapi?" Wakuu nilikaa kimya nafikiri dakika nzima.

Akaniambia nisiwe na presha, nisubiri tu mwezi wa nane pakauke atanitafutia mteja, nimwachie asilimia 10 yake.