Wahamiaji kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani, kuna shujaa kweli au walijazia namba?

Kiroboto_wa_Usiku:
Wakuu salama? Ile vita ya Marekani ya 1861 mpaka 65 nasikia jeshi la Kaskazini lilijaa Waairishi na Wajerumani. Sasa umeshuka melini juzi, hata lugha inakupiga chenga, unaenda kufa kwenye ugomvi wa wenye nchi yao. Kuna aliyefanya la maana kweli?

Jongoo Mzee:
Kujazia namba wapi mkuu. Mtafute Hubert Dilger. Alikuwa luteni wa mizinga huko kwao Baden, Ujerumani, vita ilipoanza akavuka bahari akaishia kuongoza kikosi cha mizinga cha Ohio. Tarehe 2 Mei 1863 pale Chancellorsville, Virginia, alipanda farasi mwenyewe kwenda kuchungulia akakutana na jeshi la Stonewall Jackson, jenerali wa Kusini, linazunguka kuwavamia Wakaskazini ubavuni, nusura wamdake, akarudi mbio kutoa taarifa na wakubwa wakampuuza. Basi jioni askari wanapika, bunduki wameziweka pembeni, mara paa na sungura hao wanatoka porini mbio mbio, na nyuma yao Wakusini maelfu kwa maelfu wanapiga mayowe. Kila mtu na miguu yake! Dilger akabaki anapiga mpaka adui yuko mbele ya pua, farasi wake akauawa, akabaki na mzinga mmoja wanausukuma barabarani kwa mikono, wanarudi nyuma kidogo, wanasimama, wanapiga, wanausukuma tena. Yeye ndiye wa mwisho kuondoka.

binti_wa_bandari:
Si ndo hapo hapo Wajerumani walipoitwa waoga na magazeti?

Jongoo Mzee:
Hapo hapo dada, na ndo kinachoniuma. Aliyeuacha ubavu wazi ni Jenerali Howard, mkubwa wa kikosi chao kilichokimbia, Mmarekani mzaliwa wa jimbo la Maine, ila lawama wakabebeshwa Wajerumani. Dilger mwenyewe nishani ya Medal of Honor, ile ya juu kabisa ya ushujaa jeshini Marekani, kaja kupewa 1893, miaka 30 baadae, duh.

Kiroboto_wa_Usiku:
Aisee. Ila huo mzinga wa kusukuma kwa mikono si kamzinga kadogo tu?

Jongoo Mzee:
Kadogo?? Ni ile ya shaba wanaita Napoleon, mtutu wenyewe tu unapita kilo 500, hapo hujaweka magurudumu na mbao zake. Na unausukuma risasi zinakupitia masikioni.