Naomba ushauri: kurekebisha darubini ya kutazamia jua, Kigoma

Habari zenu wakuu. Niko Ujiji, nina darubini ya kioo chenye upana wa milimita 114, urefu wa fokasi (toka kioo hadi mwanga unapokusanyika) milimita 900. Nataka niitumie kutazama madoa ya jua.

Ilikuja na kichujio kidogo cheusi cha kufunga kwenye lenzi ya jicho, yaani ile ya kuchungulia. Hicho nimekivunja kwa makusudi, maana pale ndipo joto lote linapokusanyika; kikipasuka, jicho ndiyo basi tena. Nimeagiza karatasi ya kichujio inayopitisha sehemu 1 tu kati ya 100,000 ya mwanga, itakaa mbele ya bomba. Kidarubini cha kulengea nimekivua kabisa, maana hakina kichujio na watoto wa jirani hawakosi kuchungulia.

Ninapokwama ni hapa: nifunike mdomo wote kwa karatasi hiyo, au nizibe kwa kadibodi na kuacha tundu la milimita 40 pembeni? Tundu dogo huvumilia hewa inayochezacheza, lakini madoa madogo yanapotea. Hapa ikifika saa nne asubuhi mabati yameshapata moto, picha inatetemeka kama iko chini ya maji. Jioni jua linashukia Ziwa Tanganyika, na nadhani hewa ya juu ya maji ni tulivu zaidi. Kuna aliyejaribu?

Halafu upepo wa ziwani. Karatasi haitakiwi kuvutwa ikakaza, lakini isipobanwa itang'oka mtu akiwa anatazama, na hilo ndilo linaloniogopesha kuliko yote. Nimefikiria pete mbili za plaiwudi na skrubu tatu za kubana bomba. Zitatosha? Naomba mnijibu kabla sijakata mbao.