Navigateri inafunguka, inajifunga hapo hapo: tupeane uzoefu mbele ya kuformate

Fundi wa Birere, Goma
Bandugu, jambo kwenu. Juma hii mama mmoja amefika kwangu na laptop yake mikononi, macho mekundu. Navigateri yake, ile programu ya kufungulia intaneti, ilikuwa inaonekana kidogo kisha inapotea, mutoto wake akaidezinstale akaiinstale tena, ikarudia yale yale, wakapeleka kwa fundi mwingine na huyo akaformate mashine yote, ni kusema akafuta vyote vilivyokuwamo. Sasa iko safi lakini maneno ya siri ya kazi yake yamekwenda, favori za miaka, zile kurasa alizohifadhi, zimekwenda. Iliniuma kweli, juu mara nyingi ile ni kazi ya dakika kumi. Kudezinstale Firefox na kuirudisha hakugusi profili, ile dosie inamowekwa favori na maneno ya siri yako, na kama ugonjwa uko ndani ya profili utaukuta palepale unakungojea. Kwa hiyo kila mutu alete yake, iliyomutokea mwenyewe na namna alitokamo, tusilete za kusikia.

Naanza miye. Mashine ya kazi ni ya mezani, haina betri, na ondulere, ile ya kushika kuran ikikatika, ilikuwa imekufa, nikawa natengeneza kitu kwa Firefox wazi na kuran ikakatika paa. Iliporudi nabonyeza ikoni, dirisha jeupe linatokea nusu sekunde, linapotea, hata neno moja halisemi. Nikashika kifungo cha Maj (Shift), nikabonyeza ikoni mara mbili bila kuachilia, ikaniuliza kama nataka kufungua kwa modi ya depanaji, nikakubali, ikaanguka vile vile. Hapo nilijua jambo moja la maana: modi ile inazima ekstensheni, vile vidude vya kuongezea, na inazima pia kazi ya kadi ya grafiki, basi kama imeanguka hata humo, hivyo viwili si vyenye kosa. Nikafunga yote, Windows pamoja na R, nikaandika firefox -P, ikafungua orodha ya profili, nikatengeneza profili mupya, na ikafunguka mara moja. Kumbe ni profili ya zamani, fishie zake ziliumia wakati kuran inakatika.
Sasa musikilize hapa vizuri. Profili ya zamani USIIFUTE. Ingia %APPDATA%\Mozilla\Firefox\Profiles, Firefox ikiwa imefungwa, kopia places.sqlite, mule ndimo favori na historia, halafu logins.json na key4.db, ndiyo maneno ya siri, uzibandike ndani ya dosie ya profili mupya. Hizo mbili za mwisho zinatembea pamoja, ukichukua logins.json peke yake umebeba kasha lililofungwa na ufunguo umeuacha nyumbani. Zangu zote zilirudi.

Mama Sekretaria, Bukavu
Aksanti mukubwa. Yangu haikuwa profili hata. Niko na sekretaria Kadutu, saisie, fotokopi, imprimé, na wakati wa TFC, ile kazi ya kuandika ya mwisho wa masomo, banafunzi wanaleta fulashi asubuhi mpaka usiku na kila mumoja namuwekea dosie yake kwenye biro ya mashine, sifuti juu wanarudia mara tano na makosa ya direkta wao. Siku moja navigateri inakataa, nasema ni virusi ya fulashi, naskani, naskani tena, hakuna kitu. Ni mutoto wa dada yangu alifungua ile pahali ya madiski akaniita, "Mama mudogo, angalia C iko nyekundu." Ilikuwa imebaki kidogo sana, hata mega mia mbili hazifiki, na navigateri ikifunguka inataka kuandika vitu vyake kwa diski, haina pa kuandika. Tukahamisha dosie za banafunzi kwa diski ya inje, tukamwaga kapu, ikafunguka. Tangu siku ile kila ijumaa naangalia C mbele ya kufunga mulango.

Mwana wa Katuba, Lubumbashi
Huku Lushi yangu ilikuwa Chrome, na ilianza nyuma ya kubadilisha pilote, ile programu inayoendesha kadi ya grafiki. Inafunguka, ekra inapigwa mistari, inajifunga. Nilishika raksi ya biro, ile ikoni ya kufungulia Chrome, kwa kliki ya kuume, propriete, mu ile nafasi ya sible (cible) nikaenda mwisho kabisa, nikaacha espasi moja nikaongeza --disable-gpu. Ikafunguka! Nikaingia mu paramètre, sehemu ya sistemi, nikazima akselerasio ya grafiki, kiisha nikatoa lile neno kwa raksi, mpaka leo inatembea. Na kwa wale wa Windows 7, tuko wengi bado huku, musipoteze mega kutafuta Chrome mupya: ya mwisho inayokubali ni 109 ya mwaka 2023, kwa Firefox ni 115 ile ya ESR, toleo la kuangaliwa muda murefu. Mupya zaidi ya hapo haitaingia, hata mashine iwe nzima namna gani.

Kijana wa Panzi
Ya Fundi, na ikiwa ni kwa simu? Yangu ya Android inafanya vile vile.

Fundi wa Birere, Goma
Mudogo, futa kashe kwanza, vile vitu vya muda navigateri inaviweka, DATA usiiguse, data ndiyo inafuta kila kitu ndani. Kisha fanya mise à jour ya ile programu inaitwa Android System WebView, inayoonyesha kurasa za intaneti ndani ya programu zingine, zima simu, washa. Ikikataa uandike tena hapa.

Na nirudi kwa mama wa laptop. Jana usiku wazo likanijia, nikampigia nikamuuliza kama kwa simu yake aliingiaga na konti ile ile ya navigateri. Akasema ndiyo, mutoto alimuwekea mwaka jana. Leo asubuhi tumekaa naye hapa mbele ya meza, tumeingiza ile konti kwa laptop, tukangoja, konekshon ilikuwa inatambaa, na favori zikaanza kushuka moja moja. Maneno ya siri yamerudi yote isipokuwa lile la banki, hilo hakukubaligi lihifadhiwe, atapita kwao mwenyewe kesho.