Laptopu inagonga tik tik, faili za 180GB nizikimbizie wapi?

MamaSteshenari
Wakuu habari za mchana. Nina kisteshenari changu Mbeya, laptopu ni ya diski ya zamani ile inayozunguka sio SSD, na ndani kuna kama 180GB, katiba za vikundi vya vicoba, ripoti za field za wanachuo, picha za pasipoti za wateja ambao kila baada ya miezi wanarudi "si ulinipiga hapa, nitolee nyingine", na picha za familia yote. Toka juzi nikiwasha inagonga tik tik tik inaganda, nikizima nikawasha tena inatulia. Fundi anataka apige windows upya, mimi moyo unagoma. Halafu kuna kijana kaniletea flashi ya 2TB, elfu 25 tu, eti itabeba vyote na nafasi ibaki. Nichukue? Au niweke tu Google Drive, ila bando nalo si mnalijua.

fundi_wa_kona
Dada hiyo sauti ni diski inaaga. Windows mpya haitibu diski inayokufa, na wakati wa kuiweka anaweza kuandika juu ya hivyo hivyo unavyotaka kuviokoa, so mwambie asubiri. Usiwashe kuangalia tu kama bado inagonga, ukiwasha iwe unakopi. Anza na visivyopatikana tena, picha za familia na faili za word, hizo za word ni nyepesi mno zote zinaingia kwenye flashi ya kawaida, video mwisho. Usihamishe, kopi tu. Faili likikwama liruke uendelee na mengine, usikae kulilazimisha. Na diski ikigoma kabisa kusoma zima, usikubali mtu aifungue pale mezani na bisibisi, vumbi likiingia mle ndani ndo basi.

Kabwela_TZ
Flashi ya 2TB elfu 25 😂😂 achana nayo kabisa. Ndani kuna chipu ndogo labda GB 32, imechezewa ili kompyuta isome 2TB. Ubaya wake haigomi, unakopi inakubali, majina ya faili yote unayaona, siku unataka picha ndo haifunguki, au inafunguka kichwa tu huku chini kijivu. Kama kijana anabisha, pakua H2testw ni ya bure, inaijaza flashi yote halafu inasoma tena kilichoandikwa, mtajua hapo hapo mbele yake.

da_Neema
Google Drive ya bure ni 15GB na humo humo ndo emaili zako na picha za simu zinakaa, kwa hiyo 180 sahau. Weka zile za kazi tu, usiku kama una bando la usiku. Ila angalia kitu kimoja, ukiweka ile programu ya kusinki, faili ukilifuta kwenye laptopu na kule linafutika, linakaa kwenye pipa siku 30 linaondoka. Wengi wanaita hiyo bakapu, mimi siiti. Nunua eksteno, ile diski ya nje ya kuchomeka, ya 1TB duka linalotoa risiti na waranti, na ukimaliza kukopi ichomoe. Steshenari mnapokea flashi za kila mtu, virusi vya kufunga faili vikiingia vinafunga mpaka eksteno iliyochomekwa. Na ilale nyumbani, maana mwizi akivunja duka anabeba laptopu na kila kilicho kwenye droo.

MamaSteshenari
Asanteni sana jamani. Eksteno nafuata kesho, kwa sasa nimeazima flashi ya 32GB ya shemeji, word na picha zimeingia na nimefungua moja moja zinafunguka. Video ya harusi ya mdogo wangu ndo imegoma, inasema faili kubwa mno wakati GB 20 zipo wazi. Fundi anasema tuiformati flashi.

fundi_wa_kona
Weee asiformati, si utafuta ulichookoa sasa hivi! Hiyo flashi iko kwenye FAT32, mpangilio wa zamani wa kupanga faili, haipokei faili moja linalozidi 4GB hata iwe tupu. Video iache hadi eksteno ifike, ukiichomeka bonyeza kulia, nenda properties, ikiwa NTFS au exFAT mwaga video. Ikiwa FAT32 formati hiyo eksteno ikiwa bado tupu, na usome vizuri herufi ya diski kabla hujabonyeza OK.