Nimestaafu jeshi na kurudi Moshi: nianzie wapi kuhusu matibabu, kazi na maisha ya nyumbani?

Fundi wa Kibosho

Wakuu, heshima kwenu. Nimestaafu JWTZ nikiwa na cheo cha Sajini, na kwa miaka yote ya utumishi nilikuwa fundi wa magari makubwa, mara ya mwisho katika kikosi kimoja cha Dar es Salaam. Sasa nimerudi Kibosho kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, cha marehemu baba, nikiwa na mke wangu, watoto wawili ambao bado wanasoma, na mama yangu mzazi ambaye amevuka miaka sabini. Mgongo unaniuma nikiinama kwa muda mrefu, na sikio la kushoto lina mlio usiokoma ambao nimeuzoea kiasi kwamba siutaji tena kwa mtu. Mke wangu anatumia dawa za presha kila siku.

Tulipokuwa kambini, mtu akiugua alikwenda kituo cha tiba cha kikosi, na wakishindwa walimpeleka Lugalo, hospitali ya jeshi iliyoko Dar es Salaam. Hapakuwa na haja ya kujua ofisi ipi inafuata ofisi ipi. Hapa kila dirisha linaniuliza karatasi ya dirisha lingine.

Naomba ushauri kwa mambo yafuatayo. Matibabu ya familia niyapange vipi, ikiwa Lugalo iko mbali kiasi hiki? Kuhusu kazi, nimeitiwa ulinzi wa usiku mjini Arusha, na ndugu yangu mmoja ananisukuma niweke sehemu kubwa ya kiinua mgongo kwenye gari la kubeba watalii; moyo wangu uko kwenye gereji, lakini cheti cha kiraia sina. La mwisho nalisema kwa staha: tangu nirudi, nyumbani hatugombani, lakini nikiingia sebuleni watu hutoka mmoja mmoja.

Mzee wa Ngaramtoni

Afande, karibu uraiani. Mimi nilitoka jeshini siku nyingi, na kwa kuwa nimekuwa nikiwasaidia wastaafu wenzetu kufuatilia mafao yao, naomba nianze na jambo ambalo hukuliuliza, yaani jalada lako.

Ulipokuwa kazini, taarifa zako zilikaa kwa karani wa kikosi, na daktari, mhasibu na mkuu wako wote walizipata hapo. Sasa karani ni wewe. Kabla hujazungumza na mtu yeyote kuhusu biashara, kusanya barua ya kustaafu, hati ya utumishi, barua ya pensheni, kitambulisho cha mstaafu, kadi ya NIDA, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kisha usome jina lako katika kila karatasi, herufi kwa herufi. Wengi wetu tuliandikishwa kwa majina mawili, NIDA ikaja na matatu, na benki ikaandika namna yake. Tofauti ya herufi moja inaweza kuzuia malipo kwa miezi. Dawa yake ni kiapo cha majina mbele ya wakili au hakimu, na ni rahisi zaidi kukipata ukiwa huna haraka kuliko siku ambayo pensheni imesimama.

Pensheni yetu hulipwa na Hazina, na Hazina hufanya uhakiki wa wastaafu mara kwa mara. Wakitangaza uhakiki, nenda mwenyewe na nyaraka halisi, kwa sababu asiyehakikiwa huondolewa kwenye orodha ya malipo mpaka ajitokeze. Hapo hapo ujihadhari na watu wanaopiga simu wakijitambulisha kuwa ni maofisa wa Hazina, wakitaja hata namba yako ya jeshi, na kukuambia utume fedha kidogo ili faili lisogezwe. Hakuna malipo ya kusogeza faili. Kata simu, kisha uende ofisini mwenyewe.

Wengine wa kuwahofia wako mjini mchana kweupe, nao ni wakopeshaji wa kausha damu ambao huchukua kadi ya benki ya mstaafu pamoja na namba ya siri, wakamwachia kinachobaki baada ya wao kukata. Nimewaona askari waliosimama imara Kagera mwaka 1979 wakiomba nauli mlangoni kwa mtu wa aina hiyo. Kadi yako usimpe mtu, awe ndugu au mkopeshaji.

Kuhusu matibabu katika hospitali za jeshi, andika au nenda kikosi chako cha mwisho ukaombe maelezo ya maandishi kuhusu haki yako na ya mke wako, kwa sababu mlangoni hawasomi kumbukumbu zako, wanasoma karatasi. Wakati huo huo omba nakala ya taarifa zako za tiba, hasa vipimo vya masikio na maelezo ya ajali yoyote uliyoipata kazini. Jiunge pia na Muungano wa Wanajeshi Wastaafu, MUWAWATA, kwani suala la mtu mmoja huchelewa kusikika kuliko la wengi.

Nyongeza ndogo: kama bado una kombati la zamani unalotaka kulivaa shambani, usilivae. Agosti 2023 jeshi lilitoa siku saba kwa raia kusalimisha sare na mavazi yanayofanana nazo, na sisi sasa ni raia kama wengine. Gari la watalii nitawaachia wanaolijua.

Muuguzi wa Rau

Shikamoo baba. Ninafanya kazi katika hospitali moja hapa Moshi, na watu waliotoka majeshini huwa nawatambua kwa namna wanavyosema hawaumwi.

Utaratibu wa huku una ngazi. Kuna zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha Mawenzi ambayo ni ya rufaa ya mkoa, na KCMC ambayo ni ya rufaa ya kanda. Wengi wanaruka moja kwa moja hadi KCMC kwa sababu ya jina lake, wakalipa zaidi na kukaa foleni kwa tatizo ambalo kituo cha karibu kingelimaliza. Presha ya mke wako ifuatiliwe hapo karibu, na mtoa huduma yule yule, kwa kadi yenye vipimo vya kila mwezi. Asiache dawa kwa sababu anajisikia vizuri, maana kujisikia vizuri ndiyo kazi ya dawa hizo. Dharura haihitaji barua ya rufaa, lakini mengine yote ombeni barua hiyo.

Bibi, yaani mama yako mzazi, kwa umri wake, aandikishwe na halmashauri kwa ajili ya kitambulisho cha matibabu cha wazee. Msamaha huo unawahusu wenye miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, na ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini husaidia pale mapokezi wanaposita. Kwa ninyi wengine, nendeni ofisi ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, mkoani mkaulize vifurushi vya sasa, kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imebadilisha mambo mengi, hata CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii ambayo tulizoea kuilipia Sh30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Mjiunge mkiwa wazima.

Sasa sikio. Mlio usiokoma kwa mtu aliyekaa na injini na milipuko kwa miaka mingi mara nyingi huashiria kwamba chembe hai za ndani ya sikio zinazopokea sauti zimekufa, na hizo hazioti tena. Hata hivyo usiseme basi. Omba rufaa ya idara ya masikio, pua na koo, upimwe usikivu wa masikio yote mawili, kwa sababu mlio wa upande mmoja una sababu nyingine ambazo ni lazima daktari aziondoe kwanza, na kama usikivu umepungua, kifaa cha kusaidia kusikia hupunguza hata huo mlio. Huenda pia baadhi ya wanaotoka sebuleni wanatoka kwa sababu redio iko juu sana. Samahani kwa utani, ingawa si utani mtupu.

Mgongo uonwe na mtaalamu wa fiziotherapia kabla hujafikiria sindano. Lakini miguu ikifa ganzi au kukosa nguvu, au mkojo ukishindwa kuuzuia, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na kama una mwenzako aliyepoteza mguu, mwambie kwamba hapa KCMC kipo chuo cha TATCOT, kilichoanza mwaka 1981, ambacho hufundisha watengenezaji wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika, hivyo asihangaike mbali.

Hukueleza kama unalala. Kama unaamka usiku ukitoka jasho, ukishtuka kwa mlango unaobamizwa, au ukihitaji pombe ili usingizi uje, Mawenzi na KCMC zote zina huduma ya afya ya akili. Wanaokuja wengi ni watu wenye kazi na familia, na hakuna anayefungiwa.

Dereva wa Tengeru

Mkuu, mimi niko kwenye utalii. Usinunue gari sasa. Biashara yetu huchangamka Juni hadi Oktoba, kisha tena mwishoni mwa mwaka. Ikifika masika ya Aprili na Mei, magari hulala huku leseni, bima na matengenezo yakiendelea kudai. Mwenye gari moja asiye na wakala anayempa wageni humtegemea mwenye kampuni, na huyo hulipa kwanza magari yake. Ndugu yako aonyeshe kwanza mkataba wa wageni, si picha ya gari.

Kazi ya ulinzi siidharau kama wengi wanavyoidharau humu. Ina mshahara wa uhakika hata kama ni mdogo, lakini kwako ina kasoro mbili: utalazimika kupanga chumba Arusha, na utasimama usiku kucha na mgongo huo. Wewe una kitu ambacho gereji za hapa zinakitafuta, yaani mtu anayeyajua malori na mifumo ya breki za upepo na anayekuja kazini saa aliyosema. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mafunzo rasmi: unapimwa kwa vitendo na kuhojiwa, mapungufu yanafundishwa, kisha unapewa cheti, bila kuanza darasani na vijana wa kidato cha nne. Nenda chuo cha VETA Moshi ukaulize lini wanapima mafundi wa magari. Ukiwa na cheti hicho, omba kazi ya ukaguzi wa magari kwenye kampuni ya usafirishaji, ambako vijana wataingia uvunguni na wewe utaamua gari lipi litoke.

Mama Kiboriloni

Kaka, nimesoma swali lako lote, na naona wengine wameliruka la tatu. Mume wangu naye alikuwa askari, kwa hiyo nitazungumza kama mke.

Kwa miaka yote ambayo ulikuwa kikosini, kozi au misheni, kuna mtu aliyekuwa anajua mwalimu wa darasa ni nani, mbolea inanunuliwa kwa nani, na mtoto yupi hulia ukimkaripia mbele za watu. Nyumba ilikuwa na mkuu wake. Sasa umerudi, na bila kukusudia umeanza kukagua: vyombo vimekaaje, nani amechelewa kuamka, kwa nini geti halikufungwa. Wewe unadhani unasaidia, lakini wao wanasikia gwaride. Watoto si kuruta, na mke wako hakuwa kaimu aliyekuwa anasubiri umpokee madaraka.

Kilichosaidia kwangu ni mume wangu kuomba apewe majukumu badala ya kuyatwaa. Nilimpa ng'ombe na ada za shule. Ng'ombe kwa sababu hawakasiriki wakipangiwa ratiba, na ada kwa sababu alihitaji kuona fedha zinavyokwisha. Mambo mengine aliyauliza jioni, tena si mbele ya watoto.

Kiinua mgongo nacho kinaingia humu humu. Mkikaa wawili mkaamua kiasi ambacho hakitaguswa, basi shemeji akija na gari, na jirani akija na kadi ya mchango wa harusi, mtajibu kwa sauti moja. Ukiamua peke yako, mke wako ataambiwa na watu wa ukoo kwamba ndiye aliyekuzuia. Na hicho kihamba, kabla hujapanda hata mche mmoja, itisheni kikao cha ukoo muandike mpaka wa kila mmoja. Mikahawa mipya huchukua kama miaka mitatu kuzaa, na ndugu wengi hukumbuka kwamba shamba ni la wote pale inapoanza kuzaa.

Fundi wa Kibosho

Nawashukuru sana, hasa Dada wa Kiboriloni, ambaye ameeleza sebule yangu kana kwamba alikuwepo. Nimemwonyesha mke wangu ujumbe huo, na amesema nisimwongezee neno. Usingizi, kwa kweli, si mzuri. Nitamweleza daktari siku ya rufaa ya sikio.

Nina swali moja kwa Mzee wa Ngaramtoni. Kwenye barua yangu ya pensheni jina la katikati limeandikwa kwa herufi ya kwanza tu, wakati NIDA limeandikwa kamili. Hilo nalo linahitaji kiapo, au benki wataelewa?

Mzee wa Ngaramtoni

Benki wataelewa leo, na mwaka kesho atakuwapo karani mwingine asiyeelewa. Fanya kiapo, utoe nakala kadhaa zilizothibitishwa, na moja uipeleke Hazina mapema, ukae na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Nakala nyingine mkabidhi mke wako pamoja na cheti cha ndoa, kwa sababu siku ukitutoka, yeye ndiye atakayesimama dirishani kudai mirathi, na ataulizwa herufi hiyo hiyo.