Wauza peni za "makosa adimu", mmetuchosha!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, nikiteleza mnivumilie.

Nilinunua mtandaoni peni ya Marekani, yaani sarafu ya senti moja, ya mwaka 1943, "ya shaba, adimu, ilikuwa ya babu". Muuzaji simtaji, na hata ningetaka nisingeweza, maana ameshabadilisha jina mara mbili tangu nianze kumdai. Dola 180. Imefika inang'aa kama kijiko kipya. Nikaisogezea sumaku. Ikaruka yenyewe, ikaganda. Tap!

Kwa msioelewa kwa nini hiyo "tap" imeniharibia wiki nzima: mwaka 1943 shaba ilikuwa inahitajika vitani, kwa hiyo Marekani ikagonga peni za chuma zilizopakwa zinki, zaidi ya bilioni moja. Vipande vichache vya shaba vilivyobaki viwandani vikapita mashineni pamoja na vile vya chuma. Zinazojulikana leo hazifiki hata hamsini. Hizo ndizo watu wanazogombania kwa dola laki moja na zaidi, na ile moja ya kiwanda cha Denver iliuzwa dola milioni 1.7 mwaka 2010. Yangu ni mojawapo ya ile bilioni, mtu kaipaka shaba juu. Nikaiweka kwenye mzani: gramu 2.7 na ushee. Ya shaba ingekuwa 3.11.

Ndiyo, najua mtakachosema. Nani mwenye kitu cha laki anakiuza 180? Nimeshajitukana vya kutosha, asanteni.

Na msidhani sumaku inamaliza kila kitu. Kuna wajanja wanaochukua peni ya 1948, ambayo ni shaba halali, wanaikwangua ile 8 mpaka ifanane na 3. Sumaku haitaishika. Hapo angalia mkia wa 3: kwenye 1943 ya kweli ni mrefu, unashuka chini kuliko tarakimu nyingine. Ya kuchongwa haina mkia huo.

Kinachonikera zaidi ni zile video za mtandaoni za kusaka peni za makosa. Kila herufi yenye kivuli, "double, double, utajiri!" Jamani. Peni ya 1955 ina thamani kwa sababu muhuri wenyewe, kile chuma kinachogonga sarafu, ulitengenezwa vibaya: ulichapwa mara mbili, mara ya pili ukiwa umepinda kidogo. Kila sarafu iliyogongwa na muhuri ule ikatoka na tarehe na maneno mawili mawili, nene, yanaonekana bila hata lenzi. Zilizoponyoka kiwanda cha Philadelphia zinakadiriwa kuwa 20,000 hadi 24,000, na nyingi ziliingia mikononi mwa watu kama chenji ya pakiti za sigara. Sasa mnachotuonyesha ninyi ni muhuri uliolegea na kutikisika wakati wa kugonga, ukakwaruza ukingo wa herufi. Kivuli bapa kama ngazi. Hiyo ni senti moja. SENTI MOJA.

Halafu "haina herufi ya kiwanda, ni kosa!" Peni za Philadelphia kwa kawaida hazina herufi, zilikuwa zikitoka hivyo kwa mamilioni. Mwaka 1922 ni habari nyingine, kwa sababu peni zote za mwaka ule ziligongwa Denver, hivyo isiyo na D, herufi ya Denver, ina hadithi. Video hazisemi hilo kwa sababu mtu akilijua hatabaki kutazama dakika kumi.

Na wewe uliyetushauri tusugue kwa siki na chumvi "ili thamani ipande", Mungu anakuona. Mkusanyaji anaitaka rangi yake ya miaka, hata ikiwa imefifia. Ukishaisugua, hata ile ya 1955 inaporomoka bei papo hapo.

Nimemwandikia muuzaji, nikaambatanisha picha ya peni ikiwa imening'inia kwenye sumaku, pamoja na ya mzani. Kuna mtu hapa amewahi kurudishiwa hela katika hali kama hii? Nielekezeni, nina risiti zote.

Muuzaji amejibu asubuhi hii, mstari mmoja: "Jaribu sumaku nyingine."